Tuache kumwambia mama muuzaji aamke mapema zaidi

Maoni ya mwandishi wetu wa Goma



Kila mara tunapozungumza juu ya biashara ndogo, shauri linalotolewa ni lile lile: fanya kazi kwa bidii, amka mapema, uza mpaka usiku, Mungu atabariki. Viongozi wanalitoa, wafundishaji wa semina wanalitoa, hata waume nyumbani wanalitoa. Na anayeambiwa hivyo ni mama ambaye saa kumi alfajiri amekwisha kuwasha mbabula, saa kumi na mbili yuko barabarani na beseni kichwani, na saa mbili za usiku bado anatafuta mteja wa mwisho kwa mwanga wa simu. Mama huyo aamke saa ngapi tena?

Maoni yangu ni haya. Muuzaji mdogo wa Goma hakosi bidii. Biashara yake haikui kwa sababu franka zinavuja mahali asipopaangalia: katika kununua kidogo kidogo, katika deni, katika mfuko mmoja unaochanganya pesa ya nyumba na ya biashara. Uvujaji huo hauzibwi kwa kuongeza saa za kazi. Unazibwa kwa hesabu, na kwa watu wachache wanaoaminiana.

Nalisema hili kwa sababu mwaka 2025 ulitupiga sana. Mwisho wa mwezi wa Januari vita viliingia mjini, na mabenki yakafunga milango. Mwezi wa Februari kambi zilizouzunguka mji, kama vile Bulengo na Lushagala, zikavunjwa. Familia nyingi zikarudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, wengine wakikuta shamba limekuwa pori na nyumba haina bati. Nyingine zikabaki hapa, zikapanga chumba kimoja Ndosho, Mugunga au Majengo. Wengi wa hao hawana mshahara. Kinacholisha nyumba ni meza ya nyanya, beseni ya sambaza, mandazi, makala ya kikadogo, vocha za simu, cherehani moja chini ya mwavuli.

Kwa hiyo mtaji wa franka 40 000 ukipotea, usiseme ni kitu kidogo. Ni kodi ya chumba. Ni mtoto anayerudishwa kutoka darasani. Ni dawa ya malaria ambayo haitanunuliwa.

Hesabu ya beseni moja

Tuchukue mama anayepika mandazi kwa kilo 5 za unga kila siku. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, maana zinapanda na kushuka kufuatana na barabara na dolari. Kila mmoja aweke bei za soko lake, njia ya kuhesabu ni ile ile.

Mama huyu ananunua unga kwa kilo katika butiki ya jirani, franka 3 000 kwa kilo, ni kusema 15 000. Mafuta lita 2, franka 5 000 kwa lita: 10 000. Sukari: 3 500. Hamira na chumvi: 1 500. Makala ya mifuko midogo: 4 000. Ushuru wa meza na usafiri: 1 500. Jumla ametumia 35 500. Anapata mandazi 200, anauza franka 200 kila moja, anaingiza 40 000. Kama yote yameuzwa na yote yamelipwa, faida yake ya siku ni franka 4 500.

Sasa afuate shauri la bidii. Aamke saa tisa badala ya saa kumi, apike kilo 6. Unga, mafuta, sukari, hamira na makala vinaongezeka kwa sehemu moja ya tano, kama 6 800. Mandazi 40 ya ziada yanaingiza 8 000. Kwa saa ile moja ya usingizi aliyoitoa, na kwa kutembea zaidi barabarani, amepata franka 1 200. Hapo tunaamini kwamba wateja wa mandazi hayo 40 wapo.

Tumwache alale mpaka saa kumi kama kawaida, asiongeze hata andazi moja, ila abadilishe namna ya kununua. Unga wa mfuko wa kilo 25 unauzwa 62 500 kwenye dipo, ni kusema 2 500 kwa kilo. Kwa kilo zake 5 analipa 12 500, ameokoa 2 500. Mafuta akigawana bidoni na wenzake, lita inashuka mpaka 4 500, ameokoa 1 000. Makala yakinunuliwa kwa gunia na kutumiwa kwenye mbabula bora, ile yenye ukuta wa udongo ndani inayoshika moto, anatumia 2 500 kwa siku badala ya 4 000, ameokoa 1 500. Jumla ameokoa 5 000. Faida imetoka 4 500 na kufika 9 500. Mandazi ni yale yale, saa ni zile zile, meza ni ile ile.

Hiyo ndiyo maana ya kuongeza uzalishaji kwa mtu mdogo: kila franka na kila saa ilete zaidi kuliko jana. Kuchoka zaidi ni jambo lingine kabisa.

Watano kwa mfuko mmoja

Najua jibu linalokuja: "Franka 62 500 za mfuko nitazitoa wapi, mimi mwenye mtaji wa 40 000?" Swali ni la haki. Na jibu lake ndilo linalonifanya niandike maoni haya.

Mfuko ni kilo 25. Akina mama watano wakipika kilo 5 kila mmoja, mfuko unaisha siku moja. Kila mmoja anatoa 12 500. Lakini kila mmoja alikuwa tayari anatoa 15 000 kwenye butiki! Hakuna mkopo hapa, hakuna mradi, hakuna mzungu wa kusubiri. Kuna watu watano wanaokutana jioni, wanaweka pesa pamoja, na mmoja wao anatumwa kwenye dipo. Usafiri wa chukudu unalipwa mara moja badala ya mara tano.

Juma la kwanza la siku 6, kila mmoja anakuwa ameokoa franka 15 000 kwenye unga peke yake. Watano ni 75 000. Pesa hiyo wasiigawane. Inunue gunia la makala au bidoni ya mafuta, na juma la pili akiba inakuwa kubwa kuliko ya kwanza. Biashara ndogo inakua namna hiyo, kwa hatua ambayo mguu unaweza kuifikia.

Tano si namba ya uchawi. Wauza nyanya wanaweza kuwa watatu kwa kreti moja. Wauza unga wa muhogo wanaweza kuwa wanne kwa gunia moja, kila mmoja akipima kwa gigozi yake. Jambo la lazima ni kanuni chache zinazojulikana na wote. Pesa inatolewa kabla ya kununua, siyo baadaye. Anayetumwa anabadilishwa kila juma. Bei ya dipo inasomwa mbele ya wote, na kama kuna risiti inaonyeshwa. Kupima kunafanyika mbele ya macho ya wote. Asiyeleta pesa jioni, kesho ananunua peke yake, bila ugomvi na bila matusi.

Nashauri pia vikundi hivyo vichanganye wenyeji na waliokimbia vita. Mwenyeji anajua dipo lipi linapima sawa na nani hakopeshwi. Mkimbizi mara nyingi ndiye anayejua nani huko kijijini bado analima, na njia ipi imefunguka. Wakitengana, kila upande unamwona mwingine mwizi wa wateja. Wakinunua pamoja, wote wanashusha bei.

Mfuko mmoja ndio ugonjwa

Turudi kwa mama yetu kabla hajapata wenzake, mwenye faida ya 4 500. Hiyo ni faida ya karatasi. Asubuhi watoto wamekula mandazi 10. Hiyo ni franka 2 000. Motari wa kona, fundi wa viatu na shangazi wamechukua 20 kwa deni. Hiyo ni 4 000. Mkononi ameingiza 34 000, na alikuwa ametumia 35 500. Ametoka sokoni na upungufu wa 1 500, huku beseni ni tupu na kila mtu anamsifu kwamba leo ameuza sana.

Kesho hawezi kununua kilo 5 kamili. Kesho kutwa inakuwa kilo 4. Mwezi haujaisha, mbabula imezimwa. Majirani wanasema amerogwa. Hakuna aliyemroga. Wazee walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sisemi watoto wasile. Mtoto lazima ale, na mandazi ya mama yake ni ya kwanza kuliwa. Nasema yaandikwe. Mandazi 10 ya watoto ni sehemu ya malipo ya mama, na mama ana haki ya kulipwa kama mfanyakazi yeyote. Ajipangie kiasi cha kila siku kwa ajili ya nyumba, tuseme franka 3 000, chakula cha watoto kikiwa ndani yake. Kiasi hicho akitoe, kisha mfuko wa biashara ufungwe. Siku faida ni kubwa, asiongeze. Siku faida ni ndogo, ajue mapema kwamba kuna jambo linaharibika.

Mifuko iwe miwili kweli kweli. Kopo mbili, vitambaa viwili, au namba mbili za simu kwa wanaotumia M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Kaye moja yenye mistari minne kila jioni inatosha: nimetumia ngapi, nimeingiza ngapi, nimekopesha nani na ngapi, nimetoa ngapi kwa nyumba. Mama asiyejua kuandika, mtoto anayesoma ataandika. Na kama hakuna mtoto anayesoma, mbegu za maharagi zitafanya kazi: mbegu moja kwa kila franka 1 000, kopo moja la kuingia na kopo moja la kutoka. Hesabu ilikuwepo kabla ya biki.

Juu ya deni, nitasema jambo ambalo wengine hawatapenda. Kukopesha ni sehemu ya biashara yetu. Mteja wa deni ndiye anayerudi kila siku, na katika mji usio na mishahara huwezi kuwakataa wote. Lakini deni lazima liwe na dari. Ukiwa na faida ya 4 500, huwezi kubeba deni la 4 000 kwa siku. Chagua wateja watatu au wanne wanaolipa siku ya Jumamosi, waandike, na wengine uwaambie kwa upole: kikundi chetu kimekataza. Hiyo ni faida nyingine ya kikundi: kinakupa mdomo wa kukatalia.

Na kwa akina baba: mtaji wa mama si mfuko wa nyumba. Ukichukua 10 000 kwenye kopo la biashara kwa ajili ya jambo lako, hata kama ni jambo jema, umechukua unga wa kesho. Omba kwenye kopo la nyumba. Likiwa tupu, basi ni tupu kwenu wote wawili.

Sanduku jekundu kwanza

Katika mitaa ninayopita, wengi walioacha kuuza hawaniambii "nilikosa wateja". Wananiambia mtoto aliugua, mama mkwe alifariki, mke alijifungua kwa kupasuliwa. Mtaji wa wakimbizi unakufa hospitalini na kwenye matanga zaidi ya sokoni.

Ndiyo maana nawaomba watu wasikimbilie mkopo wa kukuza biashara kabla ya kuweka kinga. Hapa Kivu tuna mifano miwili inayojulikana vizuri. Wa kwanza ni MUSO. Inatenganisha sanduku la kijani, ambamo mnaweka akiba na kukopeshana, na sanduku jekundu, ambalo ni la msaada wakati wa ugonjwa, kifo au kuzaa. Wengine wanaongeza sanduku la bluu kwa pesa inayotoka nje ya kikundi. Wa pili ni AVEC. Mfumo huo ulianzia Niger mwaka 1991, na leo unajulikana hata katika vijiji vyetu: watu kama 15 mpaka 25, kila mmoja ananunua hisa moja mpaka tano kwenye kila kikao, sanduku lina kufuli tatu na funguo zake ziko kwa watu watatu tofauti, na mwisho wa mzunguko, kwa kawaida mwaka mmoja, kila mmoja anapata akiba yake pamoja na faida.

Yote mawili ni mazuri. Lakini kwa familia isiyojua kama mwezi ujao italala hapa, mwaka mmoja ni mrefu mno. Nashauri mizunguko mifupi, miezi mitatu au sita, ili anayerudi kijijini asiache jasho lake kwenye sanduku la watu. Nashauri pia pesa isilale ndani ya sanduku. Tumeona mwezi wa Januari 2025 nini kinatokea kwa mali iliyofungiwa ndani wakati wa vurugu. Ikopeshwe yote siku ya kikao, igeuke unga na makala, na kiasi kidogo cha sanduku jekundu kiwekwe kwenye simu ya mtu ambaye kikundi chote kinamwamini, salio likisomwa kila kikao kwa sauti.

Juu ya simu, neno moja zaidi. Mabenki yalipofungwa mwaka 2025, simu iligeuka benki yetu, na noti za franka zilizobaki mikononi zilichakaa mpaka nyingine zikakataliwa sokoni. Muuzaji anapokea noti mbovu kutoka kwa mteja, dipo linaikataa, hasara inabaki kwake. Na kila anapotoa pesa kwenye simu, analipa. Kikundi cha watu watano kina nguvu ya kupatana na mwenye dipo: tutakulipa moja kwa moja kwa simu, mara moja kwa siku. Hapo ada ya kutoa pesa haipo tena, na noti iliyochanika haina wa kumtesa.

Meza kumi za kitu kimoja

Nije sasa kwa mashirika ya msaada, kwa heshima, maana bila wao wengi wangekufa njaa.

Semina za "shughuli zinazoleta mapato" zinafundisha vitu vile vile: ushonaji, sabuni, mikate. Watu wengi wa mtaa mmoja wanafundishwa pamoja, wanamaliza siku moja, wanapewa vifaa vile vile, na juma linalofuata wanakaa kwenye barabara moja wakiuza kitu kimoja kwa wateja wale wale ambao hawana pesa. Baada ya miezi michache cherehani zinauzwa kwa bei ya kutupa. Kisha ripoti inasema walengwa hawakuwa na moyo wa kazi.

Kabla ya kuchagua cha kufundisha, mtu aende sokoni na kuuliza: hapa kunakosekana nini? Ninaposimama Kituku asubuhi, samaki wanafika kutoka ziwani wakati mmoja, na wauzaji wote wanauza wakati mmoja. Mchana jua linapowaka bei inaanguka, maana sambaza haingoji. Anayejua kukausha vizuri, kwenye wavu ulioinuliwa juu ya mchanga, anaweza kununua wakati bei imeanguka na kuuza siku ambayo wavuvi hawakutoka. Kazi hiyo inahitaji wavu, chumvi na mahali pasafi, kuliko cherehani ya ishirini kwenye barabara moja.

Vivyo hivyo na umeme. Tangu mwisho wa mwaka 2015 mtambo wa Matebe, kwenye mto Rutshuru, umefungua njia ya umeme kwa watu ambao zamani walitumia jenereta. Mahali waya unapopita na umeme unapatikana, kinyozi, msagaji wa unga na mchomeleaji wahesabu vizuri: mafuta ya jenereta ya mwezi mmoja ni ngapi, na umeme wa mwezi mmoja ni ngapi? Mahali tofauti ni kubwa, mkopo wa kulipia mita ni mkopo mzuri. Mkopo wa kununua bidhaa zaidi za kuweka kwenye meza ambayo haiuzi ni mkopo mbaya.

Ombi langu kwa mashirika ni mambo matatu. Toeni msaada kwa awamu mbili: kidogo mwanzoni, kingine baada ya kuona kaye ya miezi miwili. Fuatilieni kwa miezi sita badala ya kupiga picha siku ya cheti. Na msiache wauzaji wenyeji nje, maana mkimpa mkimbizi unga wa bure na jirani yake ananunua, mmeua meza ya jirani na mmepanda chuki.

Tikiti moja, risiti moja

Kwa wenye kukusanya ushuru sokoni, yeyote aliye na madaraka leo au kesho. Muuzaji wa meza hakatai kulipa. Anakataa kulipa asubuhi kwa mmoja, mchana kwa mwingine, na jioni kwa wa tatu ambaye hana karatasi. Katika hesabu yetu ya beseni, ushuru na usafiri ni 1 500. Ukiongeza mikono miwili tu ya 500, umechukua 1 000 katika faida ya 4 500. Hakuna bidii inayoshinda hapo.

Bandikeni bei ya ushuru mlangoni mwa soko. Mtoe tikiti moja yenye tarehe, na mwenye tikiti aachwe afanye kazi. Na pesa hiyo ionekane: bati la kuzuia mvua, choo, bomba la maji. Wakati wa masika muuzaji anapoteza nusu ya siku kwa sababu ya mvua, na unga ulioloweshwa haurudi dukani. Mama asiye na choo karibu anafunga meza ili aende mbali. Mambo hayo nayo ni uzalishaji, ingawa hayasemwi kwenye semina.

Kuna watakaosema hesabu haileti amani

Wana haki. Barabara ya Sake ikifungwa, au ile ya Rutshuru, maharagi na makala yanapanda siku hiyo hiyo, na kaye haitayashusha. Mtu aliyeibiwa kila kitu mara mbili katika miaka mitatu hawezi kuponywa kwa kopo mbili za bati. Na sitaki mtu yeyote mwenye madaraka achukue maneno yangu na kusema umaskini wa watu hawa ni kosa lao kwa kuwa hawahesabu. Umaskini huu umeletwa na vita.

Lakini hesabu inafanya jambo moja ambalo bidii haiwezi: inakuonya mapema. Mwenye kaye, makala yakipanda kutoka 4 000 mpaka 6 000, anajua jioni ile ile kwamba faida yake imebaki 2 500. Kesho anaweza kupunguza ukubwa wa andazi, au kupandisha bei pamoja na wenzake wanne, au kuuza kitu kisichohitaji moto kwa juma moja. Asiye na kaye atajua mwisho wa mwezi, wakati mwenye nyumba anapiga hodi.

Na kuna jambo jingine. Ukikimbia tena, Mungu apishe mbali, meza utaiacha, mbabula utaiacha, gunia utaliacha. Ujuzi wa kuhesabu na majina ya watu wanne mnaoaminiana utaondoka navyo. Familia zilizoanza tena kwa haraka baada ya lava ya Nyiragongo ya 2002 na ya 2021 si zile zilizokuwa na vitu vingi tu. Ni zile zilizokuwa na watu wa kusimama nao.

Kwa hiyo ombi langu kwa juma hili ni dogo. Usianze na mkopo, usianze na kuamka saa tisa. Siku 7, andika mistari ile minne kila jioni. Siku ya 7, angalia ni kitu gani kimekula franka zako zaidi: makala, deni, usafiri, au ununuzi wa kilo moja moja. Kisha tafuta jirani wawili au wanne wenye shida hiyo hiyo, muizibe pamoja. Watakaofanya hivyo, wakija hapa kwetu waje na kaye zao. Hesabu zao tutazisoma hewani, bila majina, ili na wengine wajifunze.